Kufundisha Ufahamu kwa Hadithi ya Upelelezi

Walimu wengi huziona hadithi za upelelezi kuwa za kupotezea wakati tu. Sisi tunaona kwamba zikitumiwa vema humfundisha mtoto jambo kubwa: kutomhukumu mtu pasipo ushahidi.

Tuchukue mfano wa The Living Shadow, hadithi iliyotolewa Marekani mwaka 1931 katika gazeti la bei nafuu. Mtungaji wake, Walter B. Gibson, alitumia jina la Maxwell Grant. Mfululizo huo ulifikia hadithi 325 ulipokoma mwaka 1949, naye aliandika 282 kati ya hizo. Shujaa wake, The Shadow, yaani Kivuli, hupambana na wahalifu gizani. Mwanzoni kijana Harry Vincent yu darajani usiku wa ukungu, akitaka kujiua. Mgeni wa ajabu anamwokoa, kisha anamtaka amtumikie. Tangu hapo, kwa kiasi kikubwa, twamjua Kivuli kwa yale wayaonayo watu wengine.

Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza, mwalimu na asimulie kwa Kiswahili chepesi. Kwa watoto, yatosha kusema kwamba kijana alikuwa hatarini darajani. Kisha afuate hatua hizi:

1. Akatize masimulizi kabla siri haijafichuka, aulize: "Mnamshuku nani?"

2. Kila jibu lifuatwe na swali: "Umejuaje?"

3. Agawe ubao sehemu mbili: "Tuliyoyasikia" na "Tunayoyadhani".

4. Siri ikishafichuka, wanafunzi wazipitie dhana zao na kufuta zile zisizokuwa na msingi.

Swali la mwisho lisiachwe: je, Kivuli ana haki ya kuwaadhibu wahalifu yeye mwenyewe? Mtungaji amempa shujaa wake ujuzi wa mambo ambao binadamu wa kawaida hana. Sisi hatuna ujuzi huo. Ndiyo maana pana polisi, mashahidi na mahakama. Baadhi ya wanafunzi wetu wamesikia ukelele wa "Mwizi!" na kuona umati ukijichukulia sheria mikononi, pengine dhidi ya mtu asiye na hatia. Mwalimu asiwape jibu. Awaache wajadiliane, kila mmoja akitoa sababu.

Mtoto aliyezoea kuulizwa "Umejuaje?" darasani, huenda siku moja akawa wa kwanza kuuliza hivyo barabarani, kabla jiwe halijarushwa.