Amepewa au Apewe? Vitenzi vya Kiingereza katika Barua ya Rufaa

Mgonjwa mahututi anayetoka zahanati ya kijijini wilayani Tandahimba hupita mikono mingi kabla ya kumfikia daktari bingwa. Huanzia kwa muuguzi wa zahanati, huenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na hali ikizidi husafirishwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara, au upande wa Masasi hadi hospitali ya Ndanda. Njia nzima mgonjwa na ndugu zake husema Kimakonde au Kiswahili, na wahudumu nao husemezana Kiswahili. Karatasi iliyo mkononi mwao, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza. Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya karatasi hiyo, nayo ni kitenzi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika wodi ya wazazi ya hospitali ambayo sitaitaja. Yapata saa moja ya usiku aliletwa mama mwenye mimba ya kwanza, akiwa na mama mkwe wake. Alikuwa na kifafa cha mimba. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja wa matibabu: "MgSO4 14g give 8:00". Muuguzi niliyekuwa naye aliusoma kama agizo, kwamba mgonjwa apewe dawa, akaanza kuandaa sindano. Mimi niliuona kama taarifa ambayo herufi yake ya mwisho imeanguka: "given", yaani amepewa. Hakuna kati yetu aliyekuwa na hakika, na simu ya zahanati haikupatikana.

Kwa wasomaji wasio wa fani, nieleze hatari ilikuwa nini. Magnesiamu salfeti huzuia degedege la kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 katika mshipa, na gramu 5 katika kila tako. Asiyepewa anaweza kupata degedege tena na kufa. Aliyekwisha kupewa, akirudiwa dozi nzima muda si mrefu, dawa humzidi mwilini. Kwanza goti huacha kuruka linapogongwa, kisha pumzi hupungua hadi kukoma. Kwa hiyo herufi moja, "n", ilikuwa imesimama kati ya makosa mawili yanayoua.

Tulimfunua mgonjwa tukakuta pamba na plasta pande zote mbili. Alikuwa amepewa. Ikabaki saa. Kama dawa ilitolewa saa mbili asubuhi, alikuwa amekosa dozi mbili za kuendeleza, kwa kuwa dozi hiyo, gramu 5, hutolewa kila baada ya saa nne. Mama mkwe ndiye aliyetutoa gizani. Alisema mkwewe alichomwa sindano muda mfupi baada ya sala ya adhuhuri. Mwandishi alikuwa amefikiri "saa nane" kwa Kiswahili, akaandika 8 kwa Kiingereza. Tulipima pumzi, goti na mkojo, tukampa dozi iliyokuwa imechelewa kwa saa moja, na usiku ule alijifungua salama.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi ninapofundisha, na wanafunzi hudhani ninamlaumu yule muuguzi wa zahanati. Simlaumu. Peke yake, bila daktari, alifanya kazi iliyookoa maisha ya watu wawili. Kilichomwangusha ni lugha aliyolazimika kuandikia, na namna tulivyomfundisha kuiandika.

Kiswahili hakina utata huu. Anayesema "amepewa" hawezi kueleweka kuwa anasema "apewe", na "alipewa" haifanani na "anapewa". Njeo na hali viko ndani ya neno lenyewe, mbele ya mzizi, hata mwandiko ukiwa mbaya huonekana. Kiingereza huweka tofauti hizo katika vitenzi visaidizi na katika mwisho wa neno, na hivyo ndivyo vitu viwili vinavyotupwa kwanza mtu anapoandika kwa haraka. "Given", "give", "giving", "to be given": ukiviandika kwa ufupisho, vinne hivi huwa kitu kimoja.

Basi nashauri mwandishi aanze kwa kuitamka sentensi yake kwa Kiswahili, kisha achague umbo la Kiingereza linalobeba maana hiyo hiyo. Kama ni "tulimpa saa nane mchana", aandike "We gave it at 14:00". Kama ni "tunaomba apewe", aandike "Please give". Kama ni "hatujampa", aandike "We have not given". Wengi wetu tulifundishwa kwamba kauli ya kutendwa, "was given", ndiyo ya kitaalamu. Si kosa, lakini haisemi nani alitoa, na katika rufaa iliyopita vituo viwili swali hilo lina uzito. Mimi napendelea "we gave".

Hata hivyo, kuna mahali ambapo Kiswahili chenyewe hutuponza, nacho ni kiambishi -me-. Tunasema "amelala" kwa maana kwamba sasa hivi yuko usingizini, na "amepoteza fahamu" kwa maana kwamba hadi sasa hana fahamu. Kiambishi kinataja jambo lililotokea na hali iliyobaki kwa pamoja. Mtu akitafsiri "amepoteza fahamu" kuwa "she lost consciousness", msomaji wa Kiingereza huelewa kuwa alizimia wakati fulani, na huenda ameshazinduka. Daktari hatakimbia. Kama mgonjwa bado hana fahamu, sentensi sahihi ni "She is unconscious". Kama alizimia akazinduka, sema yote mawili: "She lost consciousness at home. She is awake now."

Damu nayo ni hivyo hivyo. "Bleeding for two days" haisemi kama damu inatoka bado. "She has been bleeding for two days" ina maana kwamba bado inatoka hadi unapoandika. "She bled for two days. The bleeding stopped this morning" ni habari nyingine, yenye haraka nyingine.

Vipo pia vitenzi ambavyo ni Kiingereza kizuri kabisa, lakini havifai katika karatasi ya mgonjwa kwa sababu vina maana mbili. Daktari akiandika "hold" mbele ya jina la dawa, anakusudia isitolewe kwa sasa. Anayesoma kwa Kiingereza cha shule huona "shika", akaendelea nayo. Andika "Do not give", na useme hadi lini. Ufupisho "D/C" una sifa mbaya duniani kote. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa dawa, ISMP, imeuweka katika orodha ya vifupisho vya hatari, kwa sababu wengine huusoma kama kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani na wengine kama kusitisha dawa. Mgonjwa ameruhusiwa, dawa zake zimeorodheshwa chini ya alama hiyo, na mtu anazifuta.

Mfano mzuri wa kuigwa tunao vituoni. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kudhibiti magonjwa ya watoto kwa uwiano hutumia maneno ya kawaida kwa dalili za hatari. Mtoto "vomits everything", anatapika kila kitu. Hakuna neno la Kilatini hapo, na maana yake imewekewa mpaka: mtoto anayetapika mara kadhaa lakini kitu kidogo kikabaki tumboni hahesabiwi kuwa na dalili hiyo. Kitenzi chepesi, kilichokubaliwa na wote, humfikisha mtoto mahali panapostahili upesi kuliko msamiati wa kuvutia.

Kuhusu saa, tumia tarakimu za saa 24 daima. Saa nane mchana ni 14:00, na saa nane usiku ni 02:00.

Barua ya mama yule ingeweza kuwa hivi: "She had two convulsions at home this morning. We gave magnesium sulphate 14 g at 14:00: 4 g into a vein and 5 g into each buttock. We have not given any medicine for blood pressure. She is awake and answers questions. The next dose is due at 18:00." Sentensi tano. Gari la wagonjwa likiwa limewashwa mlangoni na nafasi ni ya sentensi moja, andika ya pili.

Nanyi mnaosindikiza wagonjwa, mnayo haki ya kumwomba mhudumu awasomee barua kwa Kiswahili kabla hamjaondoka. Muulizeni mgonjwa wenu amepewa dawa gani, saa ngapi, na ipi bado hajapewa. Mkumbuke saa kwa chochote mnachokijua, iwe adhana, kengele ya shule, au wakati wapimaji walipofunga mizani ya korosho. Mkifika, msingoje kuulizwa. Mwambieni muuguzi wa kwanza mtakayemwona, hata kama barua iko mkononi mwake na ameshaanza kuisoma.