SOMO: Mashine Haiwezi Kuwa Shahidi
Matumizi sahihi ya akili bandia katika utafiti na uchapishaji

Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika, na ninyi wafadhili wetu,

Somo letu la robo hii linahusu jambo ambalo wengi tulidhani ni la vyuo vikuu peke yake, lakini sasa limefika hadi kwenye meza za kamati zetu. Ni matumizi ya akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba, katika kutafiti na kuandika.

Tukio lililotufundisha

Mwaka jana tuliletewa rasimu ya utafiti wa awali kwa ajili ya mradi wa matangi ya kuvuna maji ya mvua. Iliandikwa kwa Kiingereza kizuri na ilikuwa na orodha ndefu ya marejeo. Mimi nilisoma muhtasari tu nikaridhika. Tulipoieleza kwa Kiswahili mbele ya kamati ya usharika, mzee mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mratibu, hapa wameandika kwamba tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Sisi tuna vuli na masika. Nani aliwaambia hivyo?"

Nilitafuta rejeo lililotajwa. Jarida lipo, na toleo lipo, lakini katika kurasa zile kulikuwa na makala nyingine kabisa. Mwandishi wa rasimu alipoulizwa, alikiri kwamba sehemu ile iliandikwa na programu ya kompyuta naye hakuihakiki.

Kosa hilo si dogo, kwa sababu ukubwa wa tangi hutegemea urefu wa kiangazi. Familia inayotumia lita 60 kwa siku, kiangazi kikiwa cha siku 180, inahitaji tangi la lita 10,800. Kiangazi kikiwa cha siku 120, lita 7,200 zinatosha. Yaani ujazo wa matangi mawili ya kwanza ni sawa na ujazo wa matangi matatu ya pili. Tungejenga kwa kufuata rasimu ile, kuna familia zingekosa maji kwa sababu ya makala ambayo haikuandikwa na mtu yeyote.

Kwa nini mashine hubuni?

Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, hufundishwa kwa maandishi mengi sana. Kazi yake ya msingi ni kukadiria neno linalofaa kufuata yale yaliyotangulia. Imeona marejeo mengi, hivyo inajua rejeo linavyopangwa: jina, mwaka, kichwa cha makala, jarida, kurasa. Inaweza basi kutunga rejeo linalofanana na la kweli. Siku hizi programu nyingi hutafuta kwenye intaneti na kuonyesha vyanzo. Hilo linasaidia, ila bado zinaweza kukitaja chanzo cha kweli kwa jambo ambalo hakikulisema. Kwa maeneo kama yetu, ambayo hayajaandikwa sana, hatari ni kubwa zaidi.

Wakubwa nao wamejikwaa

Mwezi Februari 2024, jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapisha makala yenye picha ya panya iliyochorwa na akili bandia. Viungo vya panya huyo havikuwa vya kiumbe chochote, na maneno kwenye picha hayakuwa na maana. Waandishi walikuwa wametaja programu waliyotumia, na makala ilikuwa imepitiwa na wahakiki, lakini ilitoka hivyo hivyo. Ilifutwa siku chache baadaye. Hapa tunajifunza kwamba kutaja programu peke yake hakutoshi. Lazima mtu aangalie.

Mwezi Oktoba 2025, kampuni ya Deloitte ilikubali kuirudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za nchi hiyo. Ripoti ilikutwa na marejeo ya maandishi yasiyokuwepo, na toleo lililosahihishwa lilieleza kwamba akili bandia ilitumika.

Wachapishaji wamekubaliana nini?

Mwezi Januari 2023, jarida la Nature lilitangaza kwamba programu ya aina hii haiwezi kuorodheshwa kama mwandishi wa makala. Februari mwaka huo huo COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ilitoa msimamo kama huo. Sababu yake inaeleweka hata kijijini: mwandishi ni mtu anayeweza kuwajibika kwa kazi yake. Mashine haiwezi kuitwa mbele ya kikao ikajibu. Kwa hiyo anayeitumia ataje ameitumia wapi na kwa namna gani, na makosa yote yatakuwa yake.

Siri za watu nazo zina uzito. Mwezi Juni 2023, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, iliwakataza wahakiki wake kuweka maombi ya fedha za utafiti katika programu hizi, kwa kuwa ni nyaraka za siri. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mahojiano na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, yakiwa na jina lake na kijiji chake, hayapaswi kuingizwa humo.

Tusihukumu kwa haraka

Zipo programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulipima insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidhaniwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Mwaka huo huo kampuni ya OpenAI iliondoa chombo chake cha utambuzi kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Basi kijana tunayemsomesha asinyimwe ada kwa sababu ya alama ya programu. Aitwe, aeleze kazi yake, aonyeshe vyanzo na madaftari yake.

Wala hatusemi akili bandia ni mbaya. Kusahihisha Kiingereza, kufupisha nyaraka ndefu, kupendekeza maswali ya dodoso, hayo inasaidia sana, mradi mtu ahakiki.

Utaratibu wetu tangu sasa

1. Kila anayetuandikia utafiti, ripoti au andiko la mradi ataeleza kwa maandishi kama ametumia akili bandia, na kwa kazi gani.
2. Kila rejeo litafunguliwa na kusomwa na mtu kabla ya ripoti kupokelewa. Lisilopatikana litaondolewa, pamoja na hoja iliyolitegemea.
3. Majina na maelezo ya siri ya wanakijiji hayataingizwa katika programu hizi.
4. Ripoti itasomwa kwa Kiswahili mbele ya kamati ya usharika kabla ya kutumwa kwa wafadhili.

Kwa matangi yale, tuliwarudisha wadadisi kijijini wakaanza upya kuuliza kaya kwa kaya. Tulichelewa, nasi tuliwaeleza wafadhili sababu. Afadhali kuchelewa kuliko kupeleka ushahidi wa uongo. Asante sana, mzee wetu, kwa kunyoosha mkono.

Maswali ya kujadili

1. Ripoti ya mwisho iliyopita katika kamati yenu, nani aliisoma yote?
2. Ni mambo gani kuhusu eneo lenu ambayo mgeni au mashine inaweza kukosea kwa urahisi?
3. Mjumbe asiyejua Kiingereza anawezaje kusaidiwa kuhakiki utafiti unaohusu kijiji chake?

Mratibu wa Miradi, Dayosisi