SOMO: Nani Anakula Miche Yetu Usiku?



Hapa Ogembo kilio ni kimoja: jioni miche ya managu na sukuma wiki imesimama vizuri, asubuhi yamebaki mashina tu. Tusimshuku jirani. Ukiona alama ya utelezi unaong'aa juu ya udongo, mwizi ni koa, yule konokono asiye na gamba.

Koa hupenda unyevu. Mchana hujificha chini ya mawe na majani yanayooza. Usiku hutoka kula. Basi tumzuie hivi:

1. Mwagilia asubuhi, si jioni, ili usiku udongo wa juu uwe mkavu.
2. Usiweke matandazo karibu na miche michanga. Ngoja ikomae kwanza.
3. Jioni laza vipande vya mgomba kando ya kitalu. Asubuhi na mapema vigeuze, uwaokote makoa na kuwatia ndani ya ndoo ya maji ya sabuni.
4. Zungushia majivu makavu. Mvua ikinyesha, weka mengine.

Chumvi usimwage kitaluni, inaharibu udongo. Dawa ya vidonge inaua makoa kweli, lakini kuku, mbwa au mtoto akiila ni hatari. Bata hula makoa, ila wafungulie kabla ya kupanda, maana wanakanyaga miche.

Usichoke baada ya siku moja. Koa hutaga mayai udongoni, na wengine watatoka.

Maswali ya kujadili:
- Kwetu makoa wanajificha wapi?
- Nani atakagua mitego ya kitalu cha kikundi, na siku gani?