Risiti ina shughuli gani na hifadhidata ya wateja saa nane usiku?

*Shikamoo mama mshauri. Naendesha mifumo ya kampuni ndogo ya kukatisha tiketi za mabasi. Huduma zetu kama 40 ziko kwenye klasta moja ya Kubernetes. Alhamisi iliyopita, saa nane usiku, niliona huduma ya kuchapa risiti inawasiliana na hifadhidata ya wateja, mahali ambapo haina shughuli. Nikanasa pakiti kwa tcpdump, nikapata maelfu ya anwani za IP. Kulipokucha, nyingi ni za podi ambazo hazipo tena. Bosi anataka tununue programu ya akili mnemba itakayogundua mambo yenyewe. Nimwambie nini?*
*Mkesha, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Bosi atasubiri, tuanze na risiti.

Umewauliza wenzako? Nimewahi kukesha nikimsaka mvamizi, kumbe ni kijana wa meza ya jirani kaongeza jina la abiria kwenye risiti, akasahau kusema. Waulize leo. Kama hakuna anayejua, usiifute hiyo podi. Najua mkono unawasha, lakini ukiifuta, ushahidi unapotea nayo. Ibadilishie lebo. ReplicaSet itaona si yake tena, itaanzisha nyingine, na ile ya mwanzo itabaki hai bila kupelekewa wateja. Lebo hiyo mpya iwe umeshaiandikia sera ya mtandao inayokata mawasiliano ya kuingia na ya kutoka. Hapo ichunguze kwa utulivu: ni programu zipi zinakimbia ndani yake, na tokeni ya akaunti yake inafungua milango gani. Angalia pia logi za hifadhidata. Ilibisha hodi tu, au iliingia kwa nywila? Kama iliingia, hiyo nywila iliipata wapi?

Kufika mlangoni kwenyewe hakukuhitaji ujanja. Jina Kubernetes limetokana na neno la Kigiriki la mshika usukani, na kweli nahodha huyu anaendesha chombo. Abiria gani kamfuata nani sitahani, hajishughulishi. Usipoweka sera, podi yoyote inaweza kuifikia podi nyingine yoyote ndani ya klasta.

Kuhusu zile anwani: IP ya podi ni kama namba ya kiti kwenye basi lenu. Leo kakaa huyu, kesho yule. Ukitaka kujua nani alizungumza na nani, soma jina lililo kwenye tiketi, yaani lebo na namespace. Cilium, programu-jalizi ya mtandao wa klasta, kupitia chombo chake cha Hubble, hukuonyesha mawasiliano kwa majina hayo. Hutazama kutoka ndani ya kiini cha Linux kwa kutumia eBPF. Kwa hiyo huna haja ya kugusa msimbo wa huduma hata moja.

Sasa bosi. Programu anayoitaka, kama inapima wingi wa data tu, itapiga kengele Desemba nzima watu wakirudi kwao kwa sikukuu, na mwizi mwenye subira haitamwona. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya RedLock ilieleza jinsi wavamizi walivyoingia kwenye klasta ya Tesla kupitia dashibodi ya Kubernetes isiyo na nywila, wakachimba sarafu za kidijitali ndani ya podi. Waliacha matumizi ya prosesa yakiwa madogo, wakatumia poti isiyo ya kawaida, wakajificha nyuma ya Cloudflare. Aliyekuwa akitazama grafu ya wingi peke yake asingeshtuka.

Mwambie mwanzo ni daftari. Wingi wa mawasiliano hupanda na kushuka kila siku, ila nani anaongea na nani hubadilika mara chache, na mara nyingi kwa sababu mmoja wenu kaandika msimbo mpya. Rekodi jozi hizo za nani na nani mwezi mzima, mwisho wa mwezi ukiwemo, maana hesabu za kufunga mwezi huamsha huduma zilizolala. Kaa na waandishi wa kila huduma mthibitishe jozi moja moja. Inachosha, tena sana. Kisha geuza daftari kuwa sera: zilizoandikwa zipite, nyingine zizuiwe. Kuanzia hapo kila zuio ni habari ya kufuatilia, na huduma 40 si nyingi kiasi cha kukushinda.

Jihadhari na mtego mmoja. Flannel, programu-jalizi nyingine ya mtandao wa klasta, peke yake haitekelezi sera za mtandao. Kubernetes itaipokea sera yako bila kulalamika, nawe utalala ukidhani umefunga. Ingia kwenye podi ujaribu mwenyewe njia inayotakiwa kukataa.

Na hata kabla daftari halijakamilika, yapo ya kukuamsha: podi inayogonga poti nyingi mfululizo, inayouliza DNS majina marefu yasiyosomeka, inayoitafuta poti 10250 ya kubelet, au, kama mko kwenye wingu, inayoiendea 169.254.169.254, ambako vitambulisho vya mashine huweza kuchukuliwa. Huduma ya risiti haina la kutafuta huko.

Pakiti ulizonasa Alhamisi usizitupe. Matukio ya Kubernetes kwa kawaida hufutika baada ya saa moja, hivyo hayo ya usiku ule yamekwenda. Lakini kama logi za ukaguzi za API zilikuwa zimewashwa kwa kiwango kinachorekodi maudhui ya maombi, zinaweza kukuonyesha podi ipi ilikuwa na anwani ipi saa nane ile. Kama hazikuwashwa, ziwashe leo kabla hujaenda kwa bosi.