SOMO: KUCHAGUA REDIO YA MAWASILIANO KWA GARI LA CHAMA

Shabaha: Kumwezesha Katibu na Bodi kuchagua redio ifaayo kabla fedha za wanachama hazijatoka sandukuni.

1. Haja
Tongoni iko kusini mwa mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Lori la chama cha wavuvi likiharibika njiani usiku, barafu huyeyuka na jasho la wanachama huoza pamoja na samaki. Simu ya mkononi hutosha penye mtandao. Pasipo na mtandao, redio huwa na kazi. Tena mwito mmoja husikiwa na magari yote ya karibu yenye redio kama hiyo. Bodi ijiulize kwanza: gari litasema na nani, na kwa umbali gani?

2. Uwezo wa redio ya CB
Redio hii hutumia masafa ya karibu megahezi 27. Madereva wa malori wa Marekani waliieneza sana katika miaka ya 1970, na mwaka 1977 njia zake ziliongezwa huko kutoka 23 hadi 40. Nguvu yake ya kawaida ni wati 4. Gari na gari husikilizana kwa kilometa chache tu, na si kawaida kupita 15. Hivyo yafaa magari yanayofuatana, wala si kuita Tanga kutoka Segera. Aidha, haisemi na mashua: redio za baharini ni za VHF, na njia ya 16 ndiyo ya mwito na ya dhiki.

3. Mambo ya kukagua
(a) Umeme: Redio nyingi za CB ni za volti 12, na malori mengi ni ya volti 24. Bila kipunguza volti, redio itaungua.
(b) Antena: Robo ya wimbi ni karibu meta 2.7, antena fupi mno hupunguza umbali. Ifungwe juu ya gari, nayo ipimwe na fundi kabla ya kurusha sauti. Redio ghali yenye antena mbovu hushindwa na redio ya kawaida yenye antena njema.
(c) Chumvi: Hewa ya bahari hula viungo vya waya. Vizibwe na kukaguliwa mara kwa mara.
(d) Dereva: Vitufe viwe vichache, na sauti ishinde mngurumo wa injini.

4. Sheria
Redio ya kurusha sauti si sawa na ya kusikilizia. Masafa husimamiwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Katibu apate kwanza jibu la maandishi la TCRA juu ya aina ya redio, masafa na leseni, alihifadhi jaladani, ndipo hundi iandikwe.

5. Makisio
Redio moja peke yake ni bubu. Makisio yaonyeshe redio zote zitakazosemezana, antena, vipunguza volti, leseni na ujira wa fundi. Rahisi ghali.

Maswali ya kujadili
1. Gari la chama chenu hukwama wapi, na nani aliye karibu wa kusikia?
2. Je, CB, VHF au simu ndiyo itakayomfikia?