Kujifunza Kazini kwa Njia ya Masafa

Mwalimu wa fizikia wa Igoma, jijini Mwanza, akiliacha darasa lake ili akasome chuoni, wanafunzi wake hubaki bila mwalimu. Akibaki nao bila kujiendeleza, maarifa yake huchakaa. Elimu ya masafa hukusudia kutatua tatizo hilo: linalosafiri ni somo, naye mwalimu husalia kazini.

Njia hii si ngeni nchini Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule za msingi zilihitaji walimu wengi kwa muda mfupi. Kuanzia mwaka 1976, vijana zaidi ya 45,000 waliandikishwa kusomea ualimu huko huko vijijini. Walifundisha sehemu ya siku. Saa nyingine walisoma kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio na kuongozwa na wakufunzi. Zaidi ya 35,000 walifuzu. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Siku hizi intaneti hufanya kazi ya posta. Mwalimu wa Igoma aweza kusoma usiku, na mwenzake wa Ukerewe alfajiri, somo likiwa moja. Lakini masomo yote hayasafiri kwa wepesi ulio sawa. Tuchukue andiko la kurasa 10, kila ukurasa ukiwa na herufi 3,000. Herufi moja huhifadhiwa kwa baiti 1. Kwa hiyo andiko zima ni baiti 30,000, yaani kilobaiti 30. Video ya saa moja yenye megabaiti 300 huizidi mara 10,000. Basi, mahali penye mtandao dhaifu, andiko hufika kabla ya video.

Hata hivyo, kupokea somo si kujifunza. Kiungo kikuu ni mrejesho: msomaji hufanya zoezi, mkufunzi hulisahihisha, na kosa hurekebishwa. Ndiyo sababu Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) huambatanisha masomo ya mtandaoni na jumuiya za ujifunzaji shuleni. Humo walimu hujadili mada ngumu, huijaribu darasani, kisha hupima matokeo pamoja. Pasipo hatua hizo, chombo kipya hakitamfaa mwanafunzi.

Maswali
1. Kwa kasi ya kilobaiti 100 kwa sekunde, video iliyotajwa itapokewa kwa dakika ngapi? Andiko je?
2. Taja stadi mbili za maabara zisizoweza kufundishwa kwa andiko peke yake. Eleza sababu.