Dondoo muhimu: Simu yako ni daftari, usimkabidhi kila mtu

Muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hampi mpita njia daftari la wateja wake. Simu yako nayo ni daftari. Mwaka 2018 ilibainika kuwa taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 zilifika kwa kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica bila ridhaa yao. Ukubwa wa kampuni si dhamana.

• Kabla ya kubofya "Kubali", angalia programu inaomba nini. Programu ya tochi haina kazi na majina ya ndugu zako.

• Programu ya mkopo ikitaka majina yaliyo kwenye simu yako na picha zako, achana nayo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mkopo zisizo na leseni.

• Zima ruhusa ya kuonyesha ulipo usipoihitaji.

• Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

• Taarifa zako zikitumika vibaya, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki hiyo.